Urefu wa Mtutu

Katika insha ya historia ya silaha, mwanachuo wangu mmoja aliandika kwamba wawindaji wa bata mzinga huko Marekani wamefupisha mitutu ya bunduki zao za marisau wala hawakupata hasara. Nikamtia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mimi nililelewa na mzee mwenye gobori, na gobori lilinifundisha kuwa mtutu mrefu ndio upigao mbali.

Kwa gobori ni kweli. Baruti nyeusi huungua polepole, hivyo mtutu mrefu huipa nafasi ya kuendelea kuyasukuma marisau. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti ya namna hiyo, katika bunduki ya marisau, humaliza sehemu kubwa ya kazi yake mapema. Kila inchi inayozidi huongeza mwendo wa futi chache tu kwa sekunde. Kinachozuia marisau yasitawanyike upesi ni kubanwa kwa mdomo wa mtutu, ufundi ambao W. R. Pape wa Newcastle, Uingereza, aliupatia hataza mwaka 1866.

Mwindaji wa bata mzinga huketi ameegemea mti, akiigiza sauti ya jike, mpaka dume asogee apigwe kichwani na shingoni. Hapo mtutu wa inchi 30 hunasa matawi (unamfaa zaidi afuataye ndege angani). Wengi hutumia inchi 24 au pungufu, na mdomo uliobanwa sawasawa.

Niliyasoma haya nikiwa nimekwisha kustaafu. Alama za kijana yule sikumrudishia.