Kenya Iliendeshwa Kutoka Hiyo Hoteli Ya Masaji

Wasee, kila Desemba tunaiona ile video. Mtu wetu wa Nairobi ako Zanzibar, amevaa joho jeupe la taulo, matango machoni, bahari nyuma yake. Anaandika "nimepona". Sawa. Lakini hiyo nyumba unaijua?

Kama ni ile Park Hyatt ya Shangani, Mji Mkongwe, basi uko ndani ya Mambo Msiige. Hilo ndilo jina la nyumba yenyewe. Ilijengwa kati ya 1847 na 1850 na tajiri Mwarabu, Salim bin Bushir al-Harthy, na maana ya jina ni hiyo tu: haya mambo msijaribu kuyaiga. Wanasema chokaa yake ilichanganywa na ute wa mayai. Kuna simulizi nyingine mbaya zaidi, ati watumwa walizikwa hai kwa kuta. Hiyo ni hadithi ya mji, siwezi kuapa. Lakini Unguja ya wakati huo iliishi kwa karafuu na watu waliouzwa, kwa hivyo usiniambie nyumba kubwa hivyo ilijengwa na jasho la mwenyewe.

Wamishonari wa UMCA wakaishi humo kuanzia 1864 hadi 1874. Ni hao hao baadaye walijenga kanisa Mkunazini, pale soko la watumwa lilikuwa. Halafu nyumba ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza hadi 1913.

Hapo sasa ndio sisi tunaingia.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya ya Afrika Mashariki, yaani hii Kenya yetu kabla haijaitwa Kenya. Kamishna wake wa kwanza alikuwa Arthur Hardinge. Unafikiri alikaa Nairobi? Nairobi gani, manze, ilikuwa bado kinamasi! Hardinge alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na hakuiacha hiyo kazi. Alituendesha kutoka ng'ambo ya bahari. Desemba mwaka huo huo aliweka sahihi na Sultani Hamed bin Thuwaini: Waingereza watawale ule ukanda wa Pwani wa maili 10, na Sultani alipwe pauni 11,000 kila mwaka. Kodi, kama ya nyumba. Wenye kuishi Mombasa, Malindi na Lamu hakuna aliyewauliza.

Ndio maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus hadi uhuru, na ilibidi Oktoba 1963 wakubaliane kwanza kwa karatasi ndio Pwani iingie Kenya moja kwa moja. Ukisikia mzee wa Mombasa akisema "Pwani si Kenya", usimcheke haraka. Hata kama hukubaliani naye (mimi sikubaliani), ana karatasi za kuonyesha. Mimi chuo niliacha, lakini wenye walimaliza pia hawakuambiwa hii.

Baada ya Waingereza kuhama, nyumba ikawa hospitali ya Wazungu kwa miaka kadhaa, kisha ofisi za serikali. Mtu wa kawaida aliingia akiwa na shida zake za karatasi. Hoteli ilifunguliwa 2015. UNESCO, ambao waliweka Mji Mkongwe kwa urithi wa dunia mwaka 2000, walilalamika sana kuhusu jengo jipya lililosimamishwa pembeni, ufuoni kabisa. Likajengwa tu. Kusema haki, ukarabati uliiokoa nyumba: milango ya kuchonga iko, kuta zimesimama, wakati nyumba nyingine Mji Mkongwe zinaporomoka mvua ikinyesha. Lakini sasa anayeziona hizo kuta kwa ndani ni mwenye doo ya chumba, au mfanyakazi wa kumkanda mgongo.

Sisemi usiende. Enda, kandwa. Ila ukitoa hayo matango machoni, uliza wahudumu ofisi ya balozi ilikuwa upande gani, halafu utuwekee hiyo video.