Ukuta wa Kioo katika Nchi ya Jua

Muhokya, wilayani Kasese, huchomwa chokaa ya kujengea, na mstari wa Ikweta hupita kusini yake, si mbali. Hapo ndipo pa kuuliza: je, ukuta wa kioo wafaa nchi ya jua kali?

Ukuta huo haubebi jengo. Huangikwa mbele ya nguzo na sakafu kama pazia. Mfano mashuhuri wa mapema ni Hallidie Building, San Francisco, wa mwaka 1918. Mwaka 1933 Le Corbusier alikamilisha Cité de Refuge, Paris, yenye ukuta wa vioo visivyofunguka. Mitambo ya kupoza hewa aliyokusudia haikuwekwa, na majira ya joto yalipofika wakaaji walitaabika. Mwanga wa jua hupenya kioo, lakini joto la ndani halitoki kwa urahisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jengo likawekewa vikinga jua kwa nje.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, wahandisi walizidi kutafuta dawa: vioo viwili vyenye nafasi katikati, na utando mwembamba wa madini urudishao joto. Lakini kivuli cha nje huzuia jua kabla halijagusa kioo, wala hakidai umeme.

Wajenzi wa pwani walilitambua hilo zamani kwa kuta nene za matumbawe na chokaa, na baraza zenye kivuli. Basi ajengaye Kasese asikikatae kioo, bali atangulize kivuli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.