Simu iliyoshonwa ndani ya gari

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana kwelikweli. Leo nimekuja na kisa cha gari la kifahari, simu isiyoshika mtandao, na mjomba wangu aliyekuwa karibu kulipishwa kwa kosa ambalo hakujua kama ni lake. Ndani ya kisa kuna historia ndefu kidogo, kwa hivyo jaza kikombe chako cha chai kwanza.

Jumamosi moja asubuhi mjomba alinipigia. Yeye ni fundi wa magari, ana gereji hapa Nairobi. "Mpwa wangu, wewe si ulisomea kompyuta chuo kikuu? Njoo basi, kuna kompyuta hapa ina magurudumu." Nimejaribu mara nyingi kumweleza kwamba shahada yangu haikunifundisha kutengeneza magari. Haelewi. Kwa mjomba, kitu chochote chenye skrini ni changu.

Nilipofika nikaikuta Porsche 911 ya mwaka 2006, iliyoletwa kutoka Uingereza. Katikati ya dashibodi kuna mtambo ambao wenyewe waliuita PCM: redio, ramani na simu, vyote mahali pamoja. Na simu hii si ile ya kuunganisha rununu yako kwa Bluetooth, la. Ni simu kamili iliyojengwa ndani ya gari. Usoni pa mtambo kuna kijitundu cha kuweka laini, vitufe vya namba viko pale pale, na sauti hutokea kwenye spika za gari.

Mwenye gari alikuwa amepata mnunuzi. Mnunuzi alikagua kila kitu akaridhika, ila akagundua simu haifanyi kazi, akataka apunguziwe bei. Mwenye gari akamgeukia mjomba: "Wewe ndiye uliyetoa redio wiki jana ukitengeneza spika. Kabla ya hapo simu ilikuwa nzima." Akataka mjomba anunue mtambo mwingine kwa pesa zake mwenyewe. Bei ya mtambo huo mjomba aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mimi sikugusa bisibisi. Kwanza nilijiuliza swali moja: je, ule mtandao ambao simu hii ilitengenezewa bado upo? Swali hili linaonekana la kijinga, lakini simu nyingi za magari duniani hazikufa kwa kuharibika. Zilikufa zikiwa nzima kabisa. Ili mnielewe, inabidi turudi nyuma.

Simu ya gari ni kongwe kuliko simu ya mkononi. Mnamo 1910 Lars Magnus Ericsson, mwanzilishi wa kampuni ya Ericsson ya Uswidi, alikuwa amestaafu. Inasimuliwa kwamba yeye na mkewe Hilda walitembea na simu garini. Walisimama kando ya barabara, wakaangika fimbo mbili zenye waya kwenye nyaya za simu zilizopita juu, kisha wakapiga simu wakiwa wameketi ndani ya gari. Hapo hakukuwa na mawimbi ya redio wala nini. Gari lilikuwa limesimama, limefungwa kwa waya.

Huduma ya kweli ya mawimbi ilianza tarehe 17 Juni 1946 mjini St. Louis, Marekani, chini ya kampuni za Bell. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi. Ukitaka kupiga simu ulimwomba opereta akuunganishe. Ukizungumza unabonyeza kitufe, ukisikiliza unakiachia. Chaneli zilikuwa chache mno, hivyo katika mji mzima watu watatu tu ndio walioweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Uswidi nao wakaanzisha mtandao wao wa MTA mwaka 1956. Huu haukuhitaji opereta, lakini mtambo wake ulikuwa na kilo 40. Sasa waona kwa nini simu ilianzia garini: ni nani angebeba kilo 40 mfukoni? Gari lilikuwa na buti la kuhifadhi mtambo na betri ya kuulisha umeme.

Ujerumani, nyumbani kwa Porsche, walipitia hatua tatu kabla ya simu za dijitali. Mtandao wa kwanza, A-Netz, ulianza 1958 ukitumia opereta. Wa pili, B-Netz, ulianza 1972, na mtu aliweza kupiga namba mwenyewe. Lakini ulikuwa na kioja kimoja: aliyetaka kumpigia mwenye gari alipaswa kujua gari liko eneo gani la nchi, ili atangulize namba ya eneo hilo. Mwenye gari akihama mkoa bila kukuambia, basi humpati. C-Netz ya katikati ya miaka ya 1980 ndiyo iliyoondoa usumbufu huo, kwani mtandao wenyewe ulifuatilia gari liliko. Tena mteja wa C-Netz alikuwa na kadi aliyoichomeka kwenye simu ili itambulike kuwa ni yake. Wazo hilo ndilo tunalolitumia hadi leo tunapobadilisha laini kutoka simu moja hadi nyingine.

Marekani, tarehe 13 Oktoba 1983, mtandao wa kwanza wa kibiashara wa simu za selula ulizinduliwa mjini Chicago. Siku hiyo simu ilipigwa kutoka ndani ya gari la Chrysler lisilo na paa, lililoegeshwa kwenye uwanja wa Soldier Field. Aliyepigiwa alikuwa mzao wa Alexander Graham Bell, aliyekuwa Ujerumani wakati huo. Kuanzia hapo simu ya gari ikawa alama ya utajiri, na magari ya michezo yakaibeba kwa fahari. Antena fupi nyuma ya gari ilitosha kutangaza kwamba huyu si mtu wa kawaida.

Kisha ikaja GSM. Mwaka 1991 kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich ilitengeneza laini za kwanza, ikauzia kampuni ya Radiolinja ya Ufini laini 300. Simu ya Porsche hii iliyoko gerejini ni mtoto wa familia hiyo ya GSM, yaani 2G.

Sasa tuhesabu makaburi. B-Netz ilizimwa mwishoni mwa 1994. C-Netz ilizimwa mwishoni mwa 2000. Mjerumani aliyenunua gari lake la michezo mwaka 1988 likiwa na simu ya C-Netz aliamka siku ya mwaka mpya wa 2001 na pambo lenye vitufe. Marekani, serikali iliruhusu makampuni kuzima mtandao ule wa 1983 kuanzia tarehe 18 Februari 2008. Huduma ya OnStar, iliyowawezesha madereva kuomba msaada wakipata ajali, ilikuwa imewekwa katika magari mengi ikitegemea mtandao huo. Magari ambayo hayakuweza kubadilishiwa kifaa yalipoteza huduma, na wenye magari wengine wakaenda mahakamani. Australia nao walizima mitandao yao mitatu ya 2G kati ya Desemba 2016 na 2018.

Kwa hiyo kama Porsche hii ingekuwa Sydney, ningemwambia mjomba afunge boneti tu. Hakuna fundi duniani anayeweza kutengeneza mtandao uliozimwa.

Lakini tuko Nairobi. Kenya tulianza na simu za analogi mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukaingia GSM mwishoni mwa muongo huo, na 2G yetu ingali hai. Sababu mnaijua. Watu wengi bado wana kabambe mfukoni, na M-Pesa, iliyoanza 2007, inafanya kazi kwenye kabambe hiyo bila hata chembe ya intaneti. Yaani mama anayeuza mboga akiwa na simu yake ya vitufe ndiye anayeiweka hai simu ya gari la mamilioni. Jambo hili lilinichekesha pale gerejini, nikashindwa kumweleza mjomba kwa nini nacheka.

Haya, turudi kazini. Mtandao upo, basi tuanze na laini. Mwenye gari alikuwa ameweka laini ndogo ya nano ndani ya fremu ya plastiki ili ienee kwenye kijitundu. Skrini ikawa inaomba laini kana kwamba hakuna kitu. Laini ya nano ina unene wa milimita 0.67, na ile kubwa ya zamani ina 0.76. Tofauti ni kama unywele, lakini inatosha kufanya vijipini visiguse shaba sawasawa. Nilimtuma kijana wa gereji dukani alete laini mpya ambayo haijabanduliwa vipande, tukaibandua kwa ukubwa wa zamani, tukaichomeka. Ikasomwa papo hapo, simu ikaomba namba ya siri.

Mjomba akapiga makofi. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mjomba." Laini imesomwa, lakini mtandao hakuna. Ningoje dakika tano, hakuna. Sasa mwenye gari, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akitutazama, akasema, "Si niliwaambia? Mmeua mtambo."

Hapa ndipo kazi yangu ya kuandika programu ilinisaidia. Programu ikikataa, hubomoi nyumba nzima. Unaigawa vipande, unathibitisha kimoja kimoja. Nilichomoa laini nikaiweka kwenye kabambe ya mjomba: mtandao umejaa. Basi laini ni nzima na mnara wa 2G uko karibu. Nikawasha muziki: unasikika vizuri. Hili ni muhimu, kwa sababu katika magari haya vifaa vya sauti vimeunganishwa kwa mviringo wa mkonga wa mwanga, unaoitwa MOST. Kifaa kimoja kwenye mviringo kikifa, sauti yote hunyamaza. Muziki ukisikika, mviringo u salama. Kilichobaki ni njia kati ya simu na hewa, yaani antena.

Tukautoa mtambo taratibu. Nyuma yake kuna plagi za antena, na watengenezaji wa magari wana utaratibu wa rangi: ya GPS ni buluu, ya simu ni rangi ya damu ya mzee. Ya buluu ilikuwa imekaa. Ile ya damu ya mzee ilikuwa inaning'inia karibu na tundu lake. Kijana aliyerudisha redio wiki iliyopita hakuisukuma hadi ikalia "tik".

Niliisukuma. Ikalia. Dakika moja baadaye mtandao ukashika. Nikapiga namba ya mjomba kwa vitufe vya gari. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mlangoni, lakini alipokea kwa heshima zote, "Haloo, nani mwenzangu?" na sauti yake ikajaa garini. Mwenye gari alicheka, hasira zikamwisha. Mjomba alikiri kosa la kijana wake, akafuta gharama ya kazi ya spika, na habari ya kununua mtambo mwingine ikaishia hapo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, lakini usiku sikulala vizuri. Ndugu msomaji, kampuni ninayofanyia kazi hutengeneza vijisanduku vya kufuatilia magari. Programu ya ndani niliiandika mimi. Kila kijisanduku kina moduli ya 2G, kwa sababu ni ya bei nafuu. Tumevifunga kwenye malori na matatu, tukawaambia wenye magari kwamba vitadumu maisha ya gari. Gari huishi miaka 20 au 30 mikononi mwa mafundi wetu. Je, 2G itaishi miaka hiyo? Hata Ulaya wamejikuta hapo. Tangu tarehe 31 Machi 2018 aina mpya za magari zinazoidhinishwa huko lazima ziwe na uwezo wa kupiga simu ya dharura zenyewe baada ya ajali, na mfumo huo ulijengwa juu ya 2G na 3G, mitandao ambayo makampuni ya simu yanataka kuizima.

Magari yaliyofuata yaliponea kwenye Bluetooth: gari libaki na maikrofoni na spika, simu ikae mfukoni na ibadilishwe kila inapozeeka. Kijisanduku changu hakina mfuko wa mtu wa kukaa, lakini somo ni lile lile: kile kitakachozeeka upesi kisishonwe, kichomekwe.

Jumatatu niliandika barua pepe kwa bosi. Nilipendekeza toleo lijalo liwe na moduli ya 4G inayoweza kurudi 2G, tena iwe kwenye kadi ya kuchomeka ambayo fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha kwa dakika kumi. Pia niliomba tuache kuwaambia wateja "maisha ya gari" na badala yake tuwaambie ukweli, kwamba kijisanduku kitaishi kadiri mtandao utakavyoishi. Bosi alijibu kwa swali moja: itaongeza shilingi ngapi kwa kila kimoja? Nimeshampelekea hesabu. Nangoja.

Kwa heri kwa sasa. Na wewe mwenye gari la zamani lenye simu ndani, kabla hujamlaumu fundi, angalia kwanza kama plagi imelia "tik".