Bibi Walezi wa Kagera

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria. Katika miaka kumi iliyofuata, malezi ya watoto katika vijiji vingi vya Bukoba na Muleba yaliruka kizazi kizima. Wazazi walikufa, wakabaki watoto na wazee, na kati ya wazee hao waliobeba mzigo mkubwa ni bibi. Habari za ugonjwa huo zimeandikwa sana kwa hesabu za hospitali na ripoti za wafadhili. Lakini kazi iliyouzuia mkoa usisambaratike ilifanyika zaidi jikoni na migombani, na wengi wa walioifanya walikuwa wanawake wenye umri wa kupumzika.

Maisha ya Wahaya yalijengeka juu ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati. Marehemu wa ukoo huzikwa humo humo, hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo kuacha kibanja ni kuyaacha makaburi pia. Ardhi ilifuata ukoo wa mwanamume. Mwanamke alilima kwenye kibanja cha mumewe, na mazao yake mwenyewe, kama njugumawe, aliyapanda nje ya kijiji kwenye rweya, eneo la nyasi lisilo na rutuba nyingi. Bibi kulea mjukuu halikuwa jambo geni. Mtoto aliyeacha kunyonya aliweza kupelekwa kwa bibi yake akaishi huko miaka kadhaa. Alichota maji, alitumwa kwa jirani, na jioni alisikiliza hadithi. Bibi alipata mwenzi na mjukuu alipata malezi, huku wazazi wakiwa hai na wakileta sukari, nguo na dawa. Msaada huo wa wazazi ndio uliokuja kukatika.

Vita vilitangulia. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera Oktoba 1978, yakapora na kuua, na mapigano yakaendelea hadi mwaka uliofuata. Baada ya vita biashara ya magendo ilishamiri mpakani. Ugonjwa usiojulikana ulipoanza kuwakondesha vijana, watu wa Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Uchunguzi wa damu uliofanyika mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, na Karagwe asilimia 4.5.

Wengi walipozidiwa mijini walirudi nyumbani, na nyumbani ni kwa mama. Kwa hiyo kabla bibi hajawa mlezi wa yatima, alikuwa kwanza muuguzi wa mwanawe. Alimlisha uji, alimgeuza kitandani, alifua mashuka ya mgonjwa anayeharisha, na hospitali haikuwa na dawa ya kumpa zaidi ya kutuliza maumivu. Mbuzi waliuzwa, na buni pia ziliuzwa kabla hazijakauka sawasawa. Mgonjwa alipokufa walibaki watoto, na mara nyingi mkwe naye alikuwa ameanza kuumwa. Misiba ilifuatana kiasi kwamba siku za matanga zilipunguzwa katika vijiji vingi, maana shamba lisingelimwa kabisa.

Bibi aliyebaki na wajukuu watatu au wanne alirithi pia kazi ambayo mwili wake haukuimudu tena. Migomba haijitunzi: machipukizi hupunguzwa, majani makavu hukatwa na kutandazwa shinani, samadi hubebwa kutoka zizini. Mahali palipokosa nguvu hizo fukusi waliingia, mikungu ikawa midogo, na familia nyingi zikageukia mihogo na viazi vitamu, mazao yanayovumilia kuachwa. Kahawa nayo haikuokoa. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka katika miaka ile ile ambayo fedha ya jeneza na ya shule ilihitajika kuliko wakati wowote.

Swali zito zaidi lilikuwa la ardhi. Mjane aliweza kufukuzwa na ndugu wa marehemu, na hata binti aliyerithi kwa baba yake hakuruhusiwa kimila kuuza ardhi ya ukoo. Kesi iliyotikisa desturi hiyo ilitoka Kagera yenyewe. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, aliona anazeeka bila mtu wa kumtunza, akaiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephrahim alipinga mahakamani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumnyima mwanamke haki ya kuuza aliyonayo mwanamume ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikuja kuthibitisha haki sawa ya mwanamke kumiliki. Vijijini hukumu ilichelewa kufika, na ukaidi wa ukoo ulibaki na nguvu, lakini bibi aliyetishiwa kuondolewa pamoja na wajukuu wake sasa alikuwa na pa kusimama kisheria.

Shule ilikuwa pigano la kila Januari. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, na takwimu zao zilionyesha kwamba watoto waliofiwa na mama walichelewa kuanza shule. Ada ya shule ya msingi iliondolewa miaka ya mwanzo ya 2000, jambo lililowapunguzia bibi mzigo mkubwa. Sare, madaftari na viatu vilibaki juu yao.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini, hasa bibi wenye wajukuu, pensheni ndogo ya fedha taslimu kila mwezi na nyongeza kwa kila mtoto. Jambo hilo lilistahili kuanza miaka 15 mapema. Fedha hizo zilichunguzwa, na ripoti ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu zilivyonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna maelezo bora zaidi ya ufukara wa nyumba zile. Chakula kidogo kilikuwepo shambani, ila kisichoota ardhini kilikosekana, na mtoto asiye na sabuni huchekwa darasani hadi anaacha kwenda.

Maambukizi mjini Bukoba yalishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996, na mwishoni mwa 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Tangu hapo wazazi wengi wameishi hadi kuwakuza watoto wao wenyewe, na bibi amerudi taratibu kwenye nafasi yake ya zamani. Malipo ya uzeeni ndiyo yamekwenda polepole. Zanzibar ilianzisha pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Bara, bibi maskini wa Kagera amekuwa akitegemea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambayo hutolewa kwa kaya baada ya umaskini wake kupimwa, wala haitokani na miaka aliyolea.