Duka Linaloandika Bila Kusoma

Katika Makumbusho ya Uingereza jijini London kuna kibao cha udongo chenye urefu wa sentimita 11.6 na upana wa sentimita 5. Ni kifupi kuliko simu nyingi tunazobeba leo. Kimejaa mwandiko wa kikabari mbele na nyuma, alama zimebanana kama za mtu aliyekuwa na mengi ya kusema kuliko nafasi aliyopewa. Kiliandikwa takribani mwaka 1750 KK, na kilifukuliwa Ur, kusini mwa Iraki ya leo. Mwandishi wake ni mteja aliyeitwa Nanni. Mwandikiwa ni mfanyabiashara wa shaba, Ea-nasir.

Nanni aliahidiwa shaba nzuri, akaletewa mbovu. Akawatuma watu wake, waungwana kama yeye, wakapita nchi ya maadui kwenda kudai fedha, wakarudi mikono mitupu. Tena muuzaji aliwaambia kwamba wakiitaka shaba waichukue, hawaitaki waende zao. Mwisho wa barua Nanni anaweka sharti: tangu sasa atachagua shaba mwenyewe, kipande kwa kipande, uani kwake, na asichokipenda atakikataa.

Anayeuza Kariakoo au Gikomba hahitaji kufafanuliwa barua hiyo. Kilichomuuma Nanni zaidi ya shaba ni dharau. Na hakuwa peke yake, kwani katika nyumba inayodhaniwa kuwa ya Ea-nasir wachimbuaji walikuta vibao vingine vya wateja wenye manung'uniko.

Nimeanza na kibao hicho kwa sababu kinatukumbusha jambo ambalo maduka ya leo yanalisahau kwa kasi. Biashara ya mbali, ile ambayo mnunuzi na muuzaji hawaonani uso kwa uso, imeishi kwa barua mbili: ya muuzaji kwenda kwa mteja, na ya mteja kwenda kwa muuzaji. Kwa mangi wa mtaani kwetu barua haina kazi. Ukikuta unga wake una wadudu unaurudisha, unaumwaga juu ya kaunta mbele ya majirani, na shauri linaisha hapo hapo. Lakini mteja akiwa mbali, barua yake ndiyo kaunta aliyonayo.

Kwa karne nyingi ada ya masoko ilikuwa moja: mnunuzi ajihadhari, bidhaa ikishauzwa hairudi. Walioanza kuivunja ada hiyo hadharani walikuwa wachache. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, katika karne ya 18, alikuwa na ukumbi wa maonyesho London, orodha za bidhaa zilizochapishwa, na ahadi ya kurudishiwa fedha kwa asiyeridhika. Paris, Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Bon Marché mwaka 1852 na kulijenga juu ya bei iliyoandikwa, ruhusa ya kuingia na kutazama bila kulazimishwa kununua, na haki ya kurudisha. John Wanamaker alifanya vivyo hivyo Philadelphia. Bei moja kwa wote lilikuwa jambo kubwa, maana liliondoa ile kazi ya kumpima mtu kwa mavazi yake kabla ya kumtajia bei.

Huko Newtown, mji mdogo wa Wales, Pryce Pryce-Jones alikuwa na duka la vitambaa. Reli na posta vilipofika alianza, mwaka 1861, kutuma vipeperushi vya flana ya Wales kwa watu asiowafahamu, na kuwapelekea mizigo kwa treni. Florence Nightingale na Malkia Victoria walikuwa miongoni mwa wateja wake. Muuzaji wa mji mdogo akawa na wateja ambao asingewaona maishani mwake.

Lakini aliyeifanya barua kuwa duka zima ni Aaron Montgomery Ward. Alikuwa ameuza bidhaa akizunguka vijijini katikati ya Marekani, akaona jinsi wakulima walivyobanwa: duka moja, bei ya juu, mkopo usiokwisha. Moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 uliteketeza mzigo wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaanza upya kwa mtaji wa dola 1,600 na karatasi moja yenye bidhaa 163, akiilenga jumuiya ya wakulima iliyojulikana kama Grange. Gazeti la Chicago Tribune likamwita tapeli mwaka 1873, likidai bei zake haziwezekani, kisha likalazimika kuomba radhi. Mwaka 1875 Ward akachapisha ahadi iliyobeba jina lake kwa miongo: uridhike, au urudishiwe fedha zako.

Mkulima anayetuma fedha kwa mtu asiyemjua, katika mji ambao hajaukanyaga, anacheza na mavuno ya msimu mzima. Ahadi ile ilihamisha hatari kutoka begani mwa mnunuzi hadi begani mwa muuzaji. Wenye maduka ya vijijini walielewa haraka kilichokuwa kinakuja. Kulikuwa na miji ambako katalogi zilikusanywa na kuchomwa moto hadharani.

Barua zikaanza kumiminika Chicago, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika historia hii. Pamoja na oda za majembe na cherehani, watu waliandika habari za mvua, za misiba, hata kuomba watafutiwe mchumba. Mteja mmoja aliandika kuomba radhi kwa kutoagiza chochote tangu majira ya kupukutika kwa majani: ng'ombe alimpiga teke akamvunja mkono, mkewe akaugua, na deni la daktari likala kila kitu. Sasa, alimshukuru Mungu, deni limelipwa. Anaomba aletewe kofia.

Tafakari hilo. Mteja anamwomba radhi muuzaji kwa kutonunua. Hakuna tangazo linaloweza kununua uhusiano wa namna hiyo. Ulijengwa na makarani waliokaa kwenye meza ndefu wakifungua bahasha na kusoma.

Sears, Roebuck, kampuni iliyochipuka kutokana na saa ambazo karani wa stesheni ya reli Richard Sears alianza kuziuza mwaka 1886, ilikwenda mbele zaidi. Katalogi yake iliwaambia wateja waandike kwa lugha yoyote, kwa namna yao, na kampuni ingetafuta wa kuisoma. Kwa wahamiaji waliotoka Sweden au Ujerumani wakiwa na Kiingereza cha kubabaisha, sentensi hiyo ilikuwa mkono wa kuwakaribisha. Kusini mwa nchi, enzi za sheria za ubaguzi, mteja mweusi dukani alisubiri wazungu wote wahudumiwe kwanza, na mwenye duka ndiye aliyeamua amkopeshe au asimkopeshe. Kupitia katalogi alipata bidhaa ile ile kwa bei ile ile, bila kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Kwangu mimi hiyo ni huduma kwa wateja iliyotimia kuliko tabasamu lolote la kaunta.

Serikali nayo ilichangia. Posta ya Marekani ilianza kupeleka barua bure hadi mashambani mwaka 1896, na tarehe 1 Januari 1913 ikaanza kubeba vifurushi. Kisha simu ikaja kati. Mwaka 1967 kampuni ya AT&T ilianzisha namba za 800, ambazo gharama yake hulipwa na anayepigiwa. Malalamiko yakahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye vituo vya simu, na mteja akajifunza kusubiri huku akichezewa muziki.

Barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa mtandao ilitumwa na Ray Tomlinson mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @. Haikuchukua muda mrefu muuzaji kubisha hodi. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo moja kwa takribani watu 400 kwenye mtandao wa ARPANET, akiwaalika kuona mashine mpya huko California. Anwani zilikuwa nyingi mno kwa programu ya wakati huo, zikafurika kutoka kwenye nafasi yake na kumwagikia ndani ya ujumbe wenyewe, hivyo mpokeaji alikutana na ukuta wa majina kabla ya kuona tangazo. Watu walikasirika, wasimamizi wa mtandao wakamkanya. Thuerk alisema baadaye kwamba ujumbe ule uliingiza mamilioni ya dola.

Hapo mbegu zote mbili zilikwishaota: faida na kero. Kilichofanya kero ishinde kwa miaka mingi ni bei. Ward alilipia karatasi, wino na stempu kwa kila katalogi, hivyo alijiuliza mara mbili kabla ya kumtumia mtu. Wauzaji wa katalogi walizoea kuuliza maswali matatu kuhusu kila jina daftarini: amenunua lini mara ya mwisho, hununua mara ngapi, hutumia kiasi gani? Barua pepe haikuwa na stempu. Hotmail ilipofunguliwa tarehe 4 Julai 1996 na kutoa anwani bure, mamilioni walifikika kwa gharama isiyohisika, na barua taka zikafurika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kibaya kilikuwa kimepata mabawa.

Mwaka 1999 Mmarekani Seth Godin alitoa kitabu kuhusu masoko ya ridhaa: usimwandikie mtu ambaye hajakuruhusu. Sheria zikafuata njia mbili. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ulitaka ridhaa itangulie. Marekani, kwa sheria ya CAN-SPAM iliyosainiwa Desemba 2003, iliruhusu kutuma kwanza mradi mpokeaji aonyeshwe njia ya kujiondoa, na ombi lake litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Ninaiona njia ya Ulaya kuwa ya adabu zaidi. Mgeni hupiga hodi akiwa nje, haingii sebuleni ndipo aulize kama anatakiwa.

Wakati huo huo mashine zilijifunza kumchungulia msomaji. Ndani ya matangazo mengi huwekwa picha ya nukta moja isiyoonekana. Barua ikifunguliwa, picha inaitwa kutoka kwa mtumaji, naye anajua nani amefungua na saa ngapi. Apple iliwapa watumiaji wake kinga dhidi ya mbinu hiyo Septemba 2021. Februari 2024 Google na Yahoo ziliwataka wanaotuma ujumbe zaidi ya 5,000 kwa siku waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike 3 kwa kila ujumbe 1,000.

Hatua hizo zinapunguza kelele, ila hazigusi ugonjwa wenyewe. Mwaka jana niliagiza viatu vya shule vya mwanangu kwenye duka moja la mtandaoni. Kimoja kilikuja namba 34, kingine 36. Nikaijibu barua yao ya kuthibitisha oda, nikaambatanisha picha ya soli zote mbili. Dakika haikupita, mashine ikanijulisha kwamba anwani ile haipokei barua. Jioni duka lile lile likaniandikia kwa jina langu la kwanza, likinitangazia punguzo la viatu vile vile. Shule ilipofunguliwa Jumatatu, mtoto alikwenda na vya zamani.

Yule mkulima aliyevunjwa mkono, leo mfumo ungemwandika kama mteja aliyelala na kumtumia kuponi ya kumwamsha. Angeeleza habari za ng'ombe, na barua yake ingerudi.

Kwetu Afrika Mashariki barua pepe haikuwahi kuwa barabara kuu ya rejareja. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mteja amejulikana kwa namba ya simu, na matangazo humjia kwa ujumbe mfupi na WhatsApp. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamtambua mwenye namba kuwa mtu mwenye haki. Ujumbe mwingi wa maduka, hata hivyo, hutoka kwenye jina lisilojibika: ukiandika, hauendi.

Bado hatujachelewa, kwa kuwa muuzaji wetu mdogo anayeuza madira kwa WhatsApp anajibu mwenyewe, hata saa nne usiku, na anamkumbuka mteja kwa harusi aliyomshonea. Wenye maduka makubwa wana mengi ya kujifunza kwake. Wewe uliye na duka, kabla hujatuma tangazo la sikukuu mwaka huu, fungua kwanza ujumbe wa wateja ambao haujajibiwa. Anza na ule wa zamani zaidi, usome mpaka mwisho, umjibu kwa jina lako.