Wanga, Banting na Sufuria ya Mama

Mwaka jana daktari, binti mdogo tu anayeweza kuwa mwanangu, aliangalia majibu yangu akaniambia: "Baba, sukari yako haijawa kisukari, ila inabisha hodi. Punguza wanga, punguza na uzito." Nikacheka kidogo, kisha nikanyamaza. Baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo. Sikuwa na la kujibu.

Nilipofika nyumbani kila mtu akageuka daktari. Acha ugali, acha wali, acha chapati, hata ndizi usiguse! Kiswahili nacho kimelipa neno hili bahati mbaya: kuna wanga wa kwenye kiazi, na kuna wanga wale wanaowanga usiku. Kwa jinsi watu wanavyouzungumzia siku hizi, utadhani ni wale wale. Basi nami nikaacha wanga wote, siku moja, kama mtu anayemfukuza mchawi.

Wiki ya tatu nikaenda Morogoro kumsalimia mama. Akasonga ugali, akaupakua, akasogeza na dagaa. Nikamwambia, "Mama, mimi ugali nimeacha." Hakugomba. Akafunika sahani taratibu, akasema, "Na baba yako alianza hivi hivi, kukataa chakula."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi Dar nikafanya ninachokijua, yaani kusoma. Nilitaka kujua habari hii ya kuukimbia wanga ilianzia wapi.

Nikakutana na William Banting wa London. Kazi yake ilikuwa mazishi. Familia yao ndiyo iliyohudumia hata misiba ya wafalme wa Uingereza. Mwaka 1862, akiwa na miaka 60 na ushee, alikuwa mfupi wa sentimeta 165 mwenye kilo karibu 92. Kufunga kamba za viatu hawezi, ngazi anashuka kinyumenyume. Alikuwa amejaribu kupiga makasia mtoni kila asubuhi; mwili ukapata nguvu, lakini njaa nayo ikapanda, akala zaidi. Masikio yalipoanza kumsumbua akaenda kwa daktari William Harvey, naye akamwambia apunguze mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Baada ya mwaka mmoja hivi alikuwa amepungua kilo kama 21.

Mwaka 1863 Banting akaandika kijitabu, *Letter on Corpulence*, akakichapisha kwa fedha zake na toleo la kwanza akaligawa bure. Kikavuma. Madaktari wengi wakamkejeli, mtu wa majeneza anatufundisha nini? Lakini jina lake likawa kitenzi. Mpaka leo Waswidi wakitaka kusema mtu anajinyima ili apungue, wanasema *banta*. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1878 akiwa na miaka 81.

Kilichonishtua ni orodha yake ya mlo. Asubuhi, pamoja na nyama na chai isiyo na sukari, kulikuwa na kipande kidogo cha mkate mkavu wa kuchoma. Kumbe hata baba wa waacha-wanga hakuacha wote! Alipunguza, akapima, akaendelea. Wanaomtaja wengi hawajamsoma.

Halafu nikamkumbuka Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mogadishu akakaribishwa wali wa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha akaandika, bila haya, kwamba watu wa mji ule ni wanene sana, kwa kuwa mmoja wao anakula chakula cha kundi zima. Mgeni yule hakuusema wali. Alisema kiasi.

Na ugali wenyewe? Tunauita chakula cha mababu, lakini mahindi yalitoka Amerika, yakatufikia baada ya Wareno kuanza kupita pwani yetu, hata kama jina linatupeleka India. Muhogo nao asili yake ni Amerika ya Kusini. Kabla ya hapo kulikuwa na mtama, uwele na ulezi. Kisha tukayapenda mahindi yakiwa meupe, yaliyokobolewa. Kwenye sembe, pumba na kiini vinatolewa, na nyuzinyuzi zinakwenda navyo. Pumba nilikuwa nawapa kuku wangu. Yaani kuku wakila vizuri kuliko mwenye kuku.

Mwaka 1981, huko Toronto, David Jenkins na wenzake walitoa kipimo cha kulinganisha jinsi vyakula vya wanga vinavyopandisha sukari kwenye damu. Kuna vinavyoipandisha ghafla, kuna vinavyoipandisha polepole, kama maharage na kunde. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali langu lilikuwa baya. Nilikuwa nauliza niache nini, badala ya kuuliza nichague nini, na kiasi gani.

Sasa nakula dona, tonge la ukubwa wa ngumi yangu. Mchicha na maharage ndivyo vinavyojaza sahani. Chai sitii sukari. Alfajiri naruka kamba uani, nachuchumaa na kusimama mara 20, napumzika, narudia mara tatu. Mtoto wa jirani ananihesabia ukutani, na akiniona nachoka anaruka namba makusudi.

Baada ya miezi minane nimepungua kilo 6. Si kilo 21 za Banting, ila juzi binti daktari alitabasamu. Sukari imerudi mahali pake kwa sasa, nitapima tena.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro na mfuko wa dona. Mama akauchungulia, akacheka. "Mwanangu, hiki si chakula chenu cha bweni mlichokuwa mnakilalamikia?" Akausonga. Akapakua sahani yangu, akasubiri. Nikanawa, nikamega. Hakusema kitu, alinitazama tu mpaka nikamaliza tonge langu, ndipo naye akaanza kula.