Namna Utendi wa Tambuka Ulivyosomwa

Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo bin Athumani, husimulia kwa zaidi ya beti 1,000 vita kati ya Waislamu na majeshi ya Herakli, mfalme wa Rumi. Katika miji ya Pate na Lamu, utenzi wa aina hii haukusomwa kwa macho peke yake, kwa kuwa ulighanwa, yaani ulitolewa kwa sauti ya mahadhi mbele ya wasikilizaji, na anayetaka nakala yake alilazimika kuinakili kwa kalamu au kumwajiri mwandishi.

Hati za Kiarabu zilizotumika zilidai juhudi kubwa ya msomaji, maana herufi moja ya be iliweza kusimamia sauti za b, mb au p, na maana sahihi ilipatikana kwa kupima muktadha. Hapo arudhi, yaani kanuni za utungaji, ilisaidia sana: kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, vipande vitatu vya mwanzo vya kila ubeti huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi, hivyo neno lililosomwa vibaya mara nyingi lilijifichua lenyewe. Mbinu hii ya kusikiliza mizani na vina ingali na nguvu, na mwanafunzi wa leo mwenye kitabu cha herufi za Kilatini hana budi kuusoma utenzi huu kwa sauti kabla ya kuutafutia ufafanuzi.